Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Mkutano ulifunguliwa saa nane na robo.
Waliohudhuria: kumi na tisa. Wenye udhuru: watatu,
na mmoja, Bi. Gudrun, aliyefariki Jumanne
lakini jina lake lilikuwa bado kwenye orodha
na mkono wangu haukuthubutu kulikata.

Hivyo ndivyo nilivyoandika. Mimi ni katibu,
kazi yangu kunasa maneno yakiwa bado ya moto,
na siku ile hapakuwa na kingine cha moto:
boila ilikata roho usiku,
Duluth nzima imejifunika theluji gubigubi,
Ziwa Superior limeganda hadi jicho linapokoma,
nasi tumebanana jikoni mwa kanisa,
oveni imeachwa mlango wazi,
makoti mwilini, karatasi magotini.

Ajenda ilikuwa moja: tuandike sentensi
ya kusema tunakusanyika hapa kwa nini.
Sentensi moja. Huu ulikuwa mwezi wa tatu tukiisaka.

Thaddeus, mwalimu wa fizikia, hakulitaka neno Mungu.
"Litolewe," alisema, "au nitolewe mimi."
Solveig akajibu kwamba bila neno hilo
sentensi ni debe tupu, na debe tupu twalijua.
Miriam Feld akauliza kama tunaweza kuacha pengo,
nafasi nyeupe tu, kila mtu ajaze lake.
Tukacheka. Kisha hatukucheka.
Pengo likapata kura saba.
Lenore, mchungaji wetu, alikuwa kimya akimenya viazi
(zamu ya supu ilikuwa yake),
maganda yakishuka marefu, bila kukatika.

Hapo mlango ukafunguliwa.

Kijana, ndevu zimeshika barafu,
kofia ya watu wa bandarini.
Alisema ameona mwanga. Alisema kaka yake
alitoka juzi na pikipiki ya theluji, akakatiza ziwani,
na leo adhuhuri helikopta imeacha kutafuta.
Akauliza: "Hapa mnamwomba nani?"

Watu kumi na tisa, shahada zetu sijui ngapi,
hakuna aliyefungua kinywa.
Nilisikia sufuria ikitokota.

Thaddeus ndiye aliyeinuka.
Alikivuta kiti chake mwenyewe
akakiweka karibu na oveni, akamvua kijana glavu
kidole baada ya kidole, kama unavyomvua mtoto,
akamshikisha kikombe.
Kisha akabaki nyuma yake,
mikono miwili juu ya mabega yale,
macho ameyafumba.
Alikuwa akifanya nini, sijui. Sikumuuliza.
Fizikia nadhani haina jina la kitu kile,
na teolojia, kama inalo, haikulitamka jikoni.

Kikombe chetu cha moto, kile cha Jumapili,
kilikuwa ukumbini, kwenye baridi.
Solveig akapekua droo, akapata mshumaa wa keki,
wa umbo la namba saba, akauchomeka kwenye kiazi.
Kijana akalitaja jina la kaka yake: Ansel.
Tukalirudia, si kwa pamoja.
Mmoja alichelewa. Mmoja alilikosea
akalisema tena, polepole, mpaka likakaa.

Niliandika:
Hoja ya sentensi imeahirishwa hadi Machi.
Fundi wa boila anakuja Jumatatu, gharama haijulikani.
Mkutano ulifungwa saa kumi kasorobo.

Sikuandika kwamba saa tatu usiku tulikuwa bado pale,
watu wanane, tukiosha masufuria yaliyokwisha takata,
kwa sababu kijana alikuwa amelala kitini
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzima taa.

Machi imefika. Boila inanguruma, deni lake pia.
Thaddeus bado anasema litolewe.
Solveig bado anasema libaki.
Siku hizi wanakuja kwa gari moja,
ili, wanasema, wapate muda wa kubishana njiani.