Vikombe Viwili vya Munkoyo

Kabla hatujawa na picha zetu, mimi nilikuwa sauti.
Kamalondo, Ijumaa, ukuta wa misheni umepakwa chokaa,
Padri Anselmi anapachika mkanda, mashine inakohoa,
nami, kijana wa miaka kumi na saba, kipaza sauti mkononi,
nakigeuza Kifaransa cha ukutani kuwa Kiswahili cha mgodini.

Filamu zilikuwa tatu tu: sabuni, chandarua,
na ile ya mtu mvivu na mtu wa bidii.
Mvivu alikuwa na viatu vizuri kumshinda mwenzake.
Watu waliliona hilo papo hapo, wakacheka pasipotakiwa kicheko.
Padri: Wanacheka nini?
Mimi: Furaha ya kufundishwa, baba.

Nilikuwa ndumilakuwili mwenye mshahara.
Ukuta ukisema, Mfanyakazi mwema hulala mapema,
mimi nilisema, Huyu mkewe amekwenda Kipushi na dereva wa lori,
na uwanja mzima ukaacha kutafuna karanga.
Wiki iliyofuata walirudi na viti vyao
kumtazama mwanamke ambaye hakuwamo.

Uhuru ukaja. Bendera ya misalaba ya shaba ikapanda, ikashuka.
Padri akafunga sanduku usiku,
akaacha mashine, deni la mikate,
kamera moja ya kuvutwa ufunguo kama saa
na mkanda mmoja uliopitwa na tarehe:
dakika mbili na sekunde arobaini na tano za kuanzia taifa.

Tulibishana majuma matatu tupige nini.
Kalenga alitaka vita, na farasi, ingawa farasi hatukuwa naye.
Mwilambwe alitaka mfalme ashuke kile kilima cheusi
cha mavi ya shaba, bomba la moshi nyuma yake.
Mimi nilitaka yule mwanamke wa Kipushi.
Numbi Kishimba, fundi redio wa Katuba, hakutaka kitu;
alivuta ufunguo, akatoka nje,
akampiga picha Mama Mwape akikoroga munkoyo.

Asubuhi ya Juni, baridi ya kuuma masikio.
Mvuke. Mkono. Mwiko.
Anainua uso, anatutazama sawasawa,
midomo inasema neno, halafu neno lingine,
na ufunguo unakwisha.

Mkanda ulikwenda Ulaya kuoshwa. Miezi kumi na minne.
Uliporudi, mji ulikuwa na jina jipya
na Mama Mwape alikuwa na kaburi.

Tulitundika shuka la kitanda cha Kalenga, kiraka na vyote.
Mtaa ukajaa. Mwiko ukazunguka.
Mtoto mmoja akalia. Mtu akasema kwa sauti, Huyo ni yeye,
kana kwamba kuna aliyebisha.
Midomo ikafunguka, ikafungwa, kimya.
Wakanigeukia wote: Mkalimani, anasema nini?

Kwa mara ya kwanza sikuwa na uongo wa kumtosha.

Ndipo akasimama Kaloba, mwanawe,
ambaye tanuru lilimla masikio akiwa na miaka ishirini,
asomaye midomo ya watu kama wengine wasomavyo gazeti.
Rudisha, akasema. Tukarudisha.
Rudisha tena.
Akasogea mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye sufuria.
Anasema, Numbi, umekunywa vikombe viwili.
Anasema, Hujalipa.

Kicheko kile sikupata kukisikia mbele ya ukuta wa chokaa.
Numbi hakucheka. Aliingiza mkono mfukoni,
akahesabu makuta, mapya, bado yananuka wino,
akaenda mbele, mwanga ukimchora mwiko mgongoni,
akayaweka chini ya shuka,
pale ambapo miguu yake mama ingekuwa.

Tuliurudisha mkanda mara saba usiku ule.
Kila mara alimdai upya.