Vema Kumi na Saba

Mzee Ambonisye alitia vema kwenye kioo.
Kwenye kioo chenyewe, nasema, si kwenye karatasi:
peni ya bluu, mkono uleule
uliotembea miaka thelathini na moja juu ya leja za majani ya chai,
jina, kilo, vema,
jina, kilo, vema,
mpaka ukurasa ukaisha, akabonyeza chini,
majina yakapanda kama wachumaji wanaokwea kilima
na vema zake zikabaki palepale,
kumi na saba,
kila moja imelalia jina la mtu mwingine.

"Tusekile," akaniita, "hii mashine inahamisha watu."

Mvua ya Mpuguso ilikuwa juu ya bati tangu alfajiri.
Katibu akaja na dawa ya meno.
Dereva wa lori la majani akasema petroli, kidogo tu, kwenye tambara.
Mama wa kantini akaleta waya wa kusugulia sufuria, Mungu amsamehe.
Nikasimama mbele ya kompyuta kama kuku mwenye vifaranga.
Tuliilipia kwa makato ya misimu miwili,
shilingi kumi kumi kwa kila kilo.
Haiguswi na petroli.

Kwanza nikaizima, nikachomoa waya ukutani.
Kioo kikawa cheusi. Tukakiacha kipoe, tukanywa uji.
Maji ya bomba masika yanakuja na udongo,
kwa hiyo nilikinga ya mvua, sufuria katikati ya uwanja,
mbali na bati lenye kutu.
Kitambaa ni kile cha miwani yake, laini kama sikio la ndama;
nikakichovya, nikakikamua mpaka kikakataa kutoa tone.
Kioo hakimwagiwi.
Tone moja likiteremka likaingia kwenye fremu,
ndani humo kuna mambo yasiyopenda maji.

Vema hazikutoka. Zilififia tu, zikawa kama mishipa ya mkono.

Nikakimbia zahanati kuomba spiriti, kifuniko kimoja,
nikaichanganya na maji nusu kwa nusu,
nikajaribu pembeni kwanza, chini kabisa,
pale ambapo doa likitokea hakuna wa kuuliza.
Nikangoja. Kioo hakikuota ukungu.
Basi nikaanza, kidole kimoja ndani ya kitambaa,
bila kukandamiza,
kama unavyomfuta mtoto tongotongo akiwa bado amelala.

"Huyu nani?" nikamtania kwenye vema ya kwanza.
Hakucheka. Akafumba macho.
"Tupokigwe. Kilo arobaini na mbili.
Anayefuata Gwantwa, thelathini; majani yalilowa, nikamkata mbili.
Hapo Asangalwisye. Alikufa Januari,
mkewe ndiye anachuma, lakini jina liache."
Nikafuta, akataja. Nikafuta, akataja.
Katibu akaweka dawa ya meno mezani, akatafuta daftari.
Bluu ikahamia kwenye kitambaa;
kila mara niligeuza upande safi
nisije nikaurudisha wino ulikotoka.

Kwenye ya kumi na saba alinyamaza.
Mvua nayo ilikuwa imepungua, tukasikia lori likinguruma nje.
Akafumbua macho, akatazama vidole vyake.
"Hiyo," akasema, "sikumbuki.
Ifute taratibu."

Nikaifuta taratibu.

Kesho yake aliwahi kuliko mlinzi.
Alikuja na nailoni, ile ya kufunikia madaftari ya watoto,
na gundi ya karatasi, akaibandika juu ya kioo,
peni tayari mkononi.
Nilitaka kukataa.
"Ukurasa ukihama," akasema, "nahamisha na nailoni."

Jioni nilipofunga ofisi
nilizikuta nane kwenye msumari nyuma ya mlango,
kila moja na namba yake kwenye kona,
zinatikisika kwa upepo wa Rungwe,
zimejaa vema, hazina jina hata moja.