Nafasi ya Tisa

Wameibandika kwenye mlango wa ofisi ya michezo, hapa Gulu,
gundi bado mbichi.
Chuo chetu cha tisa.
Wa tatu ni wale tuliowafunga Jumamosi,
sabini na moja kwa sitini na nne,
mvua ikipiga mabati hata filimbi haisikiki.

Mimi ndiye karani wa meza.
Kila kikapu nimekitia kijistari,
kila faulo ya Odokonyero ina dakika yake.
Nikamwuliza Bwana Tumuhairwe: hesabu hii mmeipigaje?
Kuna kanuni, akasema.
Iko wapi?
Iko Kampala.
Nani ameiona?
Akacheka, akafunga droo,
ufunguo ukaingia mfukoni.

Sidai kuwa wa kwanza, jamani.
Tupeni hata ya kumi na mbili,
ila mtuonyeshe mlipojumlisha na mlipotoa,
na ushindi wa ugenini, kule Arua,
mliupima kwa jiwe gani.
Mama Lakot auzaye ufuta sokoni
huugeuza uso wa mizani yake
ili mnunuzi naye auone mshale.

Jioni nimelichana daftari langu,
nikalibandika chini ya karatasi yao, kurasa zote.
Ya saba ina kosa:
kikapu kimoja cha Odokonyero nilikiandika mara mbili.
Sikukifuta. Nimekizungushia wino mwekundu,
na pembeni nimeandika, kwa mkono wangu:

tulishinda kwa tano,
si kwa saba.