Kama Magogo

Sanduku la shangazi limeshushwa Igogo
kwa mkokoteni wa mbao, likigugumia kwenye kila jiwe.
Ndani: vumbi la wadudu wa ziwani,
miwani isiyo na mguu mmoja,
na karne nzima ya kumi na mbili.

Miaka thelathini na minne Nyanjige alifundisha
mpaka wa Welisi: ngome za udongo na magogo,
mabwana waliokula kiapo asubuhi
na usiku wakaswaga ng'ombe wa waliyemwapia.
Kilatini alikisoma kama wengine
wasomavyo bei ya sato pale Kirumba.

Nyumbani walimcheka. Mjomba Lutobeka,
akipaa samaki, magamba hadi kwenye nyusi,
aliuliza: "Hao wafu wa Kizungu wanakudai nini?
Wajukuu wao hawajui kusoma?"
Shangazi akamega tonge, akachovya.
"Walikuwa na ng'ombe. Walikuwa na mto. Basi."

Hilo basi ndilo nalifungua leo.

Ukurasa wa arobaini. Vijana wavuka kivuko gizani
kupeleka mahari upande wa pili,
huku wakubwa wao wakipigana.
Pembeni, kwa penseli: kama Magogo.

Mjane aulizwa barazani yeye ni wa nani,
wa mfalme au wa mwana wa mfalme yule mwingine;
ajibu, wa shamba langu.
Pembeni: kama bibi.

Kisha kurasa nyingi hazina neno.
Kisha: hapa siyo. Wao waliandika.
Penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka.

Mwanahistoria haongezi shahidi.
Alitukaririsha hilo tukiwa watoto,
hata ugomvi wa nani kamaliza maziwa
aliuamua kwa ushahidi,
na aliyesema "nadhani" alilala na kesi yake.

Sasa hii nakala ya mkataba, chini kabisa,
safu ya mashahidi: majina kumi na moja,
mapadri, wapanda farasi, mtu wa jikoni.
La kumi na mbili ni mwandiko wake,
tena kwa wino, bila haya:
Ng'washi, binti wa mvushaji, Magogo.

Bibi yetu. Hakujua kushika kalamu.

Mwenye mkokoteni anagonga,
anataka elfu nne zake, jua linamchoma.
Namwambia asubiri.
Nalitafuta jina hilo kwenye kurasa zilizobaki.