Shubiri Nne

Nimepima kwa mkono wangu, alfajiri, kabla magari hayajaamka:
kutoka mstari mweupe hadi mtaroni, pale Igoma,
ni shubiri nne.
Baiskeli na madumu yake, ubavu huu na ule,
vinakula tatu na nusu.
Hiyo nusu iliyobaki
tunagawana mimi, mashimo na Mwenyezi Mungu.

Natoka Kisesa na lita arobaini.
Maziwa yana tabia moja watu wa mjini hawaijui:
yanasikia.
Barabara ikiwa tulivu, nafika kwenye mawe ya Mabatini
yamelala kama nilivyoyakamua.
Lakini siku fuso limenipigia honi kisogoni,
nikarukia changarawe, nikarudi lami, nikaruka tena,
Mama Ng'wasi wa mgahawa hufungua kifuniko, akachungulia:
“Malimi, leo umeniletea siagi.”
Namwambia, si siagi hiyo, ni moyo wangu ulivyopiga.
Anacheka. Anakata mia mbili kwa lita.

Mwezi uliopita walikuja vijana wenye vizibao vya kung'aa
wakachora baiskeli pembeni mwa lami, kule Buzuruga,
nyeupe, nzuri, hata kengele wameiwekea.
Nilishuka. Naapa nilishuka nikaitazama
kama mtu aliyekuta jina lake kwenye daftari la mjumbe.
Nikaendesha humo hatua mia tatu, mabega yamelegea,
upepo wa ziwa usoni.
Kesho yake gari la mtu limeegeshwa juu yake.
Hata ya rangi, jamani,
hata ya rangi nayo imegongwa.

Sikuchukii, wewe uliye nyuma yangu.
Najua una tajiri, una hesabu ya jioni, una jua kwenye kioo.
Nami nina saa yangu: saa nne maziwa yanachacha.

Ila asubuhi moja, kwenye mwinuko wa Nyakato,
pikapu chakavu ya mchanga ilikaa nyuma yangu
mlima mzima.
Haikupiga honi.
Foleni huko nyuma inatukana mpaka bibi wa mtu,
yenyewe inanisubiri
kama anavyosubiriwa ng'ombe mwenye mimba avuke.
Ilipopita niliona mkono wa mwanamke, bangili ya shaba,
kiganja kikainuka kidogo juu ya usukani. Basi.
Uso sikuuona.

Siku ile Mama Ng'wasi alifungua kifuniko,
akachovya kidole, akanitazama,
akalipa yote.