Tozo ya Watu Wawili

Barua ilifika Schiedam Jumanne, pamoja na bili ya gesi:
"Mpendwa Bi. Terpstra, mpendwa Bw. Terpstra,
kutokana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani
kila abiria ataongeza yuro tisa kwa siku."
Siku kumi na nne. Watu wawili.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha,
nikapata mia mbili hamsini na mbili.
Nikapiga tena, kama mtu anayebonyeza jino bovu
kuona kama bado linauma.

Harmen amefariki tangu Februari.
Niliwaambia. Nilituma cheti chenye mhuri.
Wakajibu kwamba chumba ni cha wawili
na chumba hakijui nani amekufa.

Nikampigia simu kijana wa huduma,
sauti laini, amefundishwa kusikitika.
"Ipo kwenye masharti, mama, kifungu cha kumi na tisa."
Nikavaa miwani, nikakitafuta, nikakikuta,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kampuni ina haki ya kuongeza, abiria ana haki ya kulipa.
(Hiyo haki ya pili nimeitia mimi.)

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Sawa.
Ila hatukuambiwa kwamba ukishavua,
ukasimama hapo na baridi yako,
mwenye maji atakuja kupandisha bei ya kuoga.

Niwaambie Harmen alikuwa mtu wa namna gani.
Alizima jiko kabla chai haijachemka,
akisema joto lililobaki litamalizia.
Januari tulivaa sweta mbili mbili, tukanywa supu kimya,
pumzi zetu zikielea juu ya meza kama wageni.
Miaka thelathini alitengeneza baiskeli za watu
na kila sarafu ya bakshishi aliitia kwenye kopo la rangi
aliloliandika kwa mkono wake: NORWEI.
Kopo lilijaa mara mbili.
Mara ya kwanza tulinunua paa la nyumba.
Mara ya pili ndiyo hii.

Jioni ya kwanza mezani tulipangwa wanane.
Bwana Van Wieringen, safari yake ya kumi na sita,
aligonga sahani kwa kijiko:
"Mafuta yalipoporomoka bei, nani alinirudishia senti?"
Mkewe akahesabu kwa vidole: bakshishi ya lazima,
maji ya chupa, intaneti, na sasa hii;
bandu bandu, gogo limekwisha.
Madada wawili wa Zwolle walisema wao hawajali,
wamekuja kupumzika,
huku wakifunga jibini kwenye leso, chini ya meza,
wakijilipa fidia kipande kwa kipande.
Ketut, mhudumu wetu, wa Bali, alimimina maji
akitabasamu kila upande. Miezi saba hajaona kwao.
Hakuna aliyemuuliza kama naye ameongezewa chochote.
Hata mimi sikumuuliza.

Kiti cha kulia kwangu kilikuwa na kadi:
BW. H. TERPSTRA.
Ketut akanyoosha mkono kuiondoa.
Nikamwambia, iache.

Usiku wa nne, tulipokuwa tukiupita mji wa Bodø,
injini ilinguruma mahali fulani chini ya zulia,
ikila.
Nikawaza: katika moto ule
kuna tone linaloungua kwa jina la mume wangu,
mtu aliyenikataza kuoga maji ya moto zaidi ya dakika nne.
Nilicheka hadi nikakohoa.
Kisha nikalia kidogo, si sana.

Barua ya malalamiko nimekwisha kuiandika.
Nitaituma nikirudi, maana wizi ni wizi
hata ukianza na neno "mpendwa".
Lakini risiti siitupi.
Mwaka huu mzima ndiyo karatasi pekee
iliyotuandika wawili.

Nikanyoosha mkono, nikawasha taa ya upande wake,
ingawa nje jua la Juni lilikataa kulala,
nikaiacha iwake hadi asubuhi.
Imelipiwa.