Doa Dogo

Shangazi Anyait amekuja na masuke ya ulezi
kwenye mfuko wa sukari wa kilo mbili,
boda ya alfajiri kutoka Kateta hadi Serere,
ameufumbata kama mtu abebaye kifaranga mgonjwa.
Vidole vya masuke vimejikunja, vyepesi mno.
Shingo zimekuwa nyeusi, zimevunjika.
Ukipuliza yanaruka makapi.

"Nataka kujua," asema, "ni nani aliyemfungulia."

Nampisha kwenye hadubini.
Anavua miwani, anaivaa, anaivua tena.
Hakufunguliwa, namwambia.
Alikuja usiku na umande,
chembe moja ya ukungu yenye vyumba vitatu,
akajigandisha kwa gundi yake mwenyewe,
akavimba tumbo jeusi, akalijaza maji
hadi likakaza kushinda tairi la lori la mkaa,
halafu akatoboa. Kitundu kimoja. Basi.

"Na ndani hamna mlinzi?"

Wamo, Shangazi. Ni protini:
uzi mrefu uliojikunja, na mkunjo wake ndio kazi yake;
ukiukunjua, ni uzi tu.
Wengine hukaa ukutani wakipapasa giza.
Wakigusa ganda la ukungu,
ambalo ni ndugu wa ganda la panzi na la mchwa,
hupiga kelele jani zima lisikie.
Lakini mgeni huyu naye ana protini zake,
vijumbe vidogo anavyovimwaga mbele ya miguu yake;
vingine hulifunika ganda lisiguswe,
vingine hupenya hadi ndani
vikasema na seli kwa lugha ya seli.

Hapo anainua kichwa.
"Kama wale."

Siulizi akina nani. Mwaka ng'ombe walipoondoka
waligonga usiku, wakaita kwa Kiteso safi,
wakataja mpaka jina la mbwa.

Naendelea haraka, sina pa kuweka macho.
Kuna mlinzi mwingine, nasema, wa ndani kabisa.
Huyo hana habari na ganda. Humngoja kijumbe,
na akimtambua, haiti msaada:
anaiua seli.
Seli yake mwenyewe. Anazima moto, anamwaga akiba,
na mgeni, ambaye siku za mwanzo hali kilichokufa,
anabaki na njaa ndani ya nyumba tupu.
Jani linaishi. Kinachosalia ni doa,
tazama, hili hapa la kahawia,
dogo kuliko ncha ya sindano.

Anatazama muda mrefu.
Ekwamu mumewe sikuwahi kumwona; nina masimulizi tu.
Kwamba alibaki mlangoni akiwauliza maswali,
marefu, ya kipumbavu,
hadi watoto wakayafikia mafunjo.

"Basi ulezi wangu ulimkosa huyo mlinzi?"

Alikuwemo. Misimu minne alimtambua.
Wa tano kijumbe akabadilisha herufi moja,
kama Amuge kuandikwa Emuge;
mlinzi akatazama, akaona mtu asiyemjua,
akampisha.

Kimya. Friji inanguruma.

Rafuni nina mifuko kumi na mmoja ya mbegu,
namba nimeandika kwa mkono wangu.
Saba imeshaugua. Nampa minne, nusu kilo nusu kilo,
namwambia apande mistari mbalimbali,
aniandikie kila mstari umefanya nini.
"Nitazichanganya," asema.
Nakataa. Namweleza habari ya vipimo, ya ripoti,
ya mkuu wangu anayetaka majedwali.
"Nitazichanganya," asema tena, bila hasira,
"ili asijue amegonga kwa nani."

Mlangoni anadai mfuko wake wa sukari.
Lazima uchomwe, Shangazi, una ugonjwa.
Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyebadilisha herufi.
Anauchungulia, anaubinua taratibu,
chembe tano sita zilizojificha kwenye kona
zinaangukia kiganjani.

Anazilamba, ndipo ananipa mfuko.